Kadi ina hela, seva imezimwa: rivyu ya njia nne nilizolipia klaudi

Naandika hii rivyu nikiwa nimetulia, maana ningeiandika wiki ile yenyewe ingekuwa matusi matupu. Kwa zaidi ya miaka mitatu nalipia klaudi, yani kompyuta za kukodi kwenye mtandao: seva mbili ndogo na sehemu ya kuhifadhia mafaili, hela zenyewe sio nyingi kihivyo, na kwenye hicho kipindi nimepitia njia nne: kadi ya debiti ya benki, kadi ya mtandaoni ya kwenye apu, PayPal (ile huduma ya kulipia mtandaoni), na kuweka salio mapema mwenyewe. Zote zinalipa vizuri tu ukiwa umekaa mbele ya kompyuta. Shida inaanza mwezi wa pili au wa tatu, pale mtoa huduma anapokuja kukata hela peke yake na wewe umelala.

Nianze na kadi ya benki maana ndo iliyonitesa zaidi.

Imeili iliingia saa tisa na kitu usiku, tumeshindwa kukata malipo yako. Nikaiona asubuhi, nikafungua apu ya benki, hela ipo, tena inazidi bili mara tatu. Nikabonyeza lipa tena, imegoma. Nikafuta kadi nikaiingiza upya, imegoma. Nikabonyeza tena na tena mpaka mara ya sita ndo nikajishtukia kwamba nafanya kama wale watu wanaobonyeza kitufe cha lifti mfululizo wakidhani itawahi kushuka. Kumbe nilikuwa najichimbia shimo, ntaeleza.

Sapoti ya klaudi wakajibu mistari miwili, wasiliana na benki yako. Nikapiga benki.

"Kaka, akaunti yako iko vizuri, kadi iko wazi na salio lipo."

"Sasa dada mbona inakataliwa?"

"Labda hao unaowalipa wana tatizo la mtandao, jaribu tena baadaye."

Nikajaribu baadaye, yaleyale. Nikarudi klaudi, nikarudi benki, siku mbili nzima narushwa kama mpira. Simu ya tatu ndo nikampata jamaa mmoja anayejua kazi yake, hakuniuliza salio kabisa. Aliniuliza tarehe na saa ya jaribio la kwanza. Nikamsomea kutoka kwenye imeili, akakaa kimya kidogo nasikia anabonyeza kibodi, halafu akasema: "Naona majaribio saba usiku ule na asubuhi yake. La kwanza la usiku limekataliwa kwa namba 57. Haya mengine ya asubuhi yameishia na 05." Hapo ndo kila kitu kikaanza kueleweka, na kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwenye rivyu hii basi ni hicho: achana na kuuliza kama kadi ina tatizo, ulizia namba ya kukataliwa.

Iko hivi. Kadi inapokataliwa benki huwa inarudisha namba fupi, na hizi namba hazijatungwa na benki yako, zinafuata kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa kadi kinachoitwa ISO 8583. 51 maana yake hela haitoshi. 54 kadi imeisha muda. 14 namba ya kadi sio sahihi. 61 umepita kiwango cha pesa ulichowekewa, 65 umepita idadi ya miamala. 91 mitambo ya benki haipatikani kwa wakati huo. 57 maana yake kadi hii hairuhusiwi kufanya aina hii ya muamala, yani hela ipo, kadi nzima, ila mlango wenyewe umefungwa. Halafu kuna 05, ambayo ni benki kusema "hapana" na kufunga mdomo. Hiyo 05 ndo inayokera kuliko zote maana inaweza kuwa kitu chochote, mara nyingi ni mfumo wao wa kunusa wizi umeona kitu hakijaupendeza.

Sasa kwangu ilikuwa matatizo mawili yamepandana. Kwenye apu ya benki kuna swichi ya malipo ya mtandaoni ya nje, nilipoiwasha mara ya kwanza sikusoma maandishi madogo ya chini kwamba inajizima yenyewe baada ya muda. Kwahiyo mwezi wa kwanza malipo yalipita, wa pili yakapita, wa tatu swichi imejizima, klaudi wamekuja usiku wakakuta mlango umefungwa, 57. Asubuhi mimi na vidole vyangu nikagonga mara sita ndani ya dakika kumi, mfumo wa benki ukaona hapa kuna mtu anajaribu kadi ya wizi, ukafunga kabisa, 05. Ndo maana hata nilipokuja kugundua swichi nikaiwasha bado iligoma, mpaka yule jamaa akaondoa kizuizi kwa mkono. Dakika nne. Siku mbili za kuzungushwa na kazi yenyewe ni ya dakika nne.

Watu wengi hawajui kwamba malipo ya kujirudia sio malipo yaleyale ya siku ya kwanza yanayorudiwa. Siku ya kwanza upo, unaandika zile namba tatu za nyuma ya kadi, benki inakutumia OTP, ile namba ya siri ya mara moja, unathibitisha. Zile namba tatu mtoa huduma haruhusiwi kuzihifadhi baada ya hapo, hiyo ni sheria ya viwango vya usalama wa kadi. Kwahiyo mwezi unaofuata anapeleka ombi bila namba hizo na bila OTP, na kama mtambo wake umefanya kazi vizuri anaweka alama kwamba huyu mteja alishakubali, mimi muuzaji ndo nimeanzisha muamala, malipo ya kwanza ni yale pale. Benki inayoelewa ile alama inapitisha. Benki isiyoielewa, au ambayo imeamua kila muamala wa mtandaoni lazima uwe na OTP, inaona ombi la hela kutoka mbali, usiku, halina mtu. Ungekuwa wewe ndo mlinzi ungelifungulia?

Kuna sehemu hili jambo limewekwa kabisa kwenye sheria. Umoja wa Ulaya sheria yao ya malipo inataka uthibitisho mkali unapoandikisha kadi, halafu makato yanayofuata anayoanzisha muuzaji hayahitaji wewe uwepo. India benki kuu yao kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021 iliweka utaratibu wa mteja kusajili ruhusa ya makato yenye kiwango cha juu, na kuarifiwa saa 24 kabla ya kukatwa, na 2022 kiwango kisichohitaji OTP kikapanda kutoka rupia 5,000 mpaka 15,000. Sasa bili ya klaudi tatizo lake sio kama sabskripsheni ya muziki ambayo kila mwezi ni ileile, hii inapanda na kushuka na matumizi, mwezi huu kidogo, mwezi ujao umesahau kuzima seva ya majaribio inakuja mara mbili. Ukipita kile kiwango ulichoruhusu, imegoma, na wala sio kosa la mtu.

Halafu suala la saa. Watoa huduma wengi wanahesabu siku kwa UTC, ile saa moja ya dunia nzima, na bili zinafungwa mwanzo wa mwezi, kwahiyo makundi makubwa ya kadi yanapigwa kwa wakati mmoja. Kama huo ndo muda ambao benki yako inafanya matengenezo ya mitambo unapata ile 91 na wewe uko kwenye ndoto. Na kama kikomo chako cha siku bado hakijajizungusha upya saa hizo, muamala unaangukia kwenye kikomo cha jana ulichokimaliza kwa manunuzi mengine. Mi mwenyewe hili la kikomo lilinipata mara moja tu, ila mara moja yenyewe ilitosha.

Na hela kutosha nayo ina mtego wake. Bili ni ya dola, akaunti yako sio ya dola, benki inabadilisha kwa bei yake na kuweka ada yake juu. Ukiacha salio sawasawa na ile namba uliyoikokotoa kwenye gugo umeshakosa. Tena ukiongeza kadi mpya kuna kile kipimo kidogo wanachokata kuhakikisha kadi iko hai, AWS (klaudi ya Amazon) kwa mfano wanashikilia dola 1 hivi, hela inarudi lakini inaweza kukaa siku kadhaa imeshikiliwa. Sio nyingi, ila kwenye kadi iliyobaki na salio la kubanabana ndo tofauti ya kupita na kugoma.

Kadi ya benki naipa nyota 3 kati ya 5. Ukishaifunga kamba vizuri inatulia, na ukikwama kuna binadamu wa kumpigia simu, hata kama ni wa tatu.

Kadi ya mtandaoni, hizi ambazo hazina plastiki, unatengeneza ndani ya apu, unajaza dola, unaitumia. Niliipenda sana mwanzoni. Unaweka hela ya klaudi peke yake, ikivuja hawachukui akiba yako. Lakini bana ina mambo yake. Zile namba 6 au 8 za mwanzo wa kadi zinamwambia muuzaji ni benki gani imetoa na ni kadi ya aina gani, kwahiyo kabla hata hajaomba hela anajua hii ni ya kujaza na sio ya debiti ya kawaida wala krediti. Azure (klaudi ya Microsoft) wameandika wazi kabisa kwamba hawapokei kadi za kulipia kabla wala hizi za mtandaoni. Na sababu yao inaeleweka, klaudi unatumia kwanza ndo unalipa, mtu akijaza dola mbili akachimba sarafu za kidijitali mwezi mzima halafu akaitupa kadi, wanamdai nani?

Kingine kilichonikuta, mwezi mmoja nilichelewa kujaza, klaudi wakajaribu, hela haitoshi, wakajaribu tena kesho yake, na keshokutwa. Apu ikanikata ada kwa kila jaribio lililofeli, halafu ikaifuta kadi yenyewe moja kwa moja kwa sababu ya kufeli mara nyingi. Yani nimekosa hela, nimepigwa faini ya kukosa hela, na kadi nimenyang'anywa. Hayo yote yapo kwenye masharti, nimeyasoma baadaye, siwatetei na siwatukani. Nyota 2. Ni nzuri kwa kitu cha majaribio, ila databesi ya mteja usiiweke kwenye kadi inayoweza kufutwa na apu.

PayPal sina mengi. Faida yake ni kwamba klaudi haioni kadi yako, inaona makubaliano ya kukata kutoka PayPal, na nyuma ya hapo unaweza kubadilisha kadi bila kugusa klaudi, na unaweza kuweka zaidi ya moja. Hasara, sio kila klaudi inaikubali, na ikigoma unapata mtu wa tatu wa kurushiana mpira badala ya wawili. Nyota 3 na nusu. Ingia kwenye sehemu ya malipo ya moja kwa moja uangalie kama chanzo cha hela ni kile unachodhani, yangu ilikuwa imeshikilia kadi iliyoisha muda.

Na hapo kwenye kadi kuisha muda, usiogope kupita kiasi. Visa na Mastercard wote wana huduma ya kuwapelekea wauzaji tarehe na namba mpya ya kadi benki inapokubadilishia, ndo maana saa nyingine kadi mpya inakatwa na hujaiandika popote. Ila inategemea benki yako na muuzaji wako wote wamejiunga, mi sitegemei. Siku kadi mpya inafika mkononi ndo siku naiingiza kila sehemu.

Njia ya nne ndo ninayoitumia sasa na ndo sababu nimeamua kuandika: kuweka salio mapema. Sio kusubiri waje wakate, ni wewe kwenda kulipa, mchana, umekaa, simu iko mkononi, OTP inaingia, unathibitisha, imepita. Mtoa huduma wangu ana kitufe cha kuongeza salio na bili inajikata humo humo. DigitalOcean wanaruhusu kuweka hela mapema kwa PayPal, na Google Cloud hata kama akaunti yako ni ya makato ya moja kwa moja unaweza kuingia muda wowote ukalipa kwa mkono, hela inakaa kama salio na matumizi yanaila taratibu. Wengi wana hiki kitu, kimefichwa tu kwenye kona ya ukurasa wa bili.

Ukiifikiria, tatizo lote la makato ya kujirudia ni kwamba muamala unatokea ambapo wewe haupo. Ukiweka salio unaurudisha muamala kwenye saa ambayo upo, na benki inauona kama manunuzi ya kawaida yenye mtu. Nalipa kama tarehe 20, miezi miwili kwa mpigo. Ikigoma nina siku kumi za kupiga simu kwa adabu badala ya kupiga nikiwa napumua juu juu. Nyota 4 na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa sababu salio la mapema kwa wengi halirudi, ukihama umeliacha, kwahiyo usije ukaweka la mwaka mzima kwa mtoa huduma uliyemjua juzi. Na inataka nidhamu, ukisahau umerudi kulekule.

Kwa walio na kampuni na bili nono, ulizeni kulipa kwa ankara na kutuma benki kwa benki, hiyo kadi haihusiki kabisa. Kwa wadogo kama mimi mara nyingi hawaturuhusu.

Sasa kama umeshagomewa na unasoma hii saa hizi ukitoka jasho. Acha kubonyeza. Kweli, acha. Mitandao ya kadi yenyewe ina mipaka, Visa wanaruhusu muuzaji kurudia muamala uliokataliwa mara 15 tu ndani ya siku 30, na kuna majibu kama ya kadi iliyoibiwa ambayo hayatakiwi kurudiwa hata mara moja. Chukua saa kamili ya jaribio kutoka kwenye imeili, ibadilishe kutoka UTC kuja saa za kwenu, piga benki, waambie: jaribio la tarehe hii, saa hii, kiasi hiki, limekataliwa kwa namba gani? Wakikwambia hawaoni jaribio lolote, hilo nalo ni jibu, tena jibu zuri sana, maana yake ombi halikufika benki, limezuiwa upande wa klaudi, labda kwa aina ya kadi, labda mfumo wao umekushuku. Hapo unarudi sapoti na sentensi moja tu, benki yangu haijaona ombi lenu. Utashangaa jinsi majibu ya mistari miwili yanavyobadilika.

Kwenye kushukiwa, mi nilishawahi kuingiza kadi nikiwa nimewasha VPN, ile programu inayokuonyesha kama uko nchi nyingine, anwani ya kadi inasema huku, intaneti inasema kule, nikafungiwa kuongeza kadi kwa siku nzima. Zima VPN. Andika jina na anwani kama zilivyo benki, sio kama unavyopenda kuitwa. Na usifungue akaunti mpya kwa kadi ileile ili ukwepe deni, hiyo ndo njia ya haraka ya kufungiwa zote mbili.

Na mwandikie mtoa huduma mapema, kabla hajazima. Kuzima na kufuta ni vitu viwili tofauti, kwanza wanajaribu tena siku kadhaa, halafu wanasimamisha, halafu ndo wanafuta, na urefu wa kila hatua uko kwenye masharti yao. Kaangalie leo wewe ni siku ngapi. Mi nilipoangalia nilishtuka, nikaweka bakapu, yani nakala ya akiba ya mafaili yangu, kwa mtoa huduma mwingine anayelipwa kwa kadi nyingine ya benki nyingine, maana bakapu inayolipiwa na kadi ileile itazimwa siku ileile.

Mpangilio wangu wa sasa: salio la miezi miwili, kadi ya debiti kama ya kwanza ikiwa na ziada ya kama robo ya bili, kadi ya pili ya benki tofauti kwenye nafasi ya akiba, na kwenye kalenda kuna alamu mbili, moja ya kuweka salio na nyingine ya kwenda kuangalia ile swichi ya benki kama bado imewaka. Ndio, bado inajizima. Nimewaandikia mara mbili.

Mwezi uliopita nilichelewa kuweka salio, nilikuwa safarini. Imeili ikaingia saa tisa usiku kama kawaida yao, kadi ya kwanza imekataliwa. Dakika moja chini yake kuna nyingine, malipo yamepokelewa, kadi ya pili. Nilizisoma zote mbili saa nne asubuhi, nikafungua apu, nikaikuta swichi imezimwa.